Barua ya wazi kwa Gavana wa Kilifi: Wazee wetu nao wapelekwe Mida na Arabuko-Sokoke

Mheshimiwa Gavana,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kuhusu wazee wa kaunti hii na kuhusu ndege wake. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho, maana hapa kwetu mambo haya mawili yameshikana.

Unajua vyema kwamba Kilifi mvi zimekuwa hatari. Bibi ambaye macho yamemwiva kwa moshi wa kuni miaka nenda miaka rudi huitwa mchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo pana shamba linalotakiwa na mtu. Wazee wameuawa. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee wanaotishiwa, wakaacha minazi yao na wajukuu wao. Na wapo wengi ambao hakuna aliyewagusa, lakini wamejifungia ndani. Hawatoki alfajiri, wasije wakaonekana wakaulizwa walikuwa wapi.

Bundi naye ni hivyo hivyo. Akitua juu ya paa, hurushiwa mawe. Ilhali msitu wa Arabuko-Sokoke una kibundi mdogo, mrefu kama kiganja cha mtu, anayelala mchana kwenye vichaka vya udongo mwekundu. Ukimtoa huko, makao yake mengine yanayojulikana ni machache, yakiwemo ya chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtazama. Mzee wa Gede aliyezaliwa ukingoni mwa msitu huo hajawahi kualikwa na mtu yeyote akamwone.

Ombi langu ni hili: kaunti ianzishe matembezi ya wazee ya kutazama ndege, kila mwezi, kwenye hori la Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kila mzee aende na kijana mmoja wa kijijini kwake.

Msaada wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, unanunua unga, na twaushukuru. Lakini haumtoi mzee nyumbani. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Kijana aliyekaa asubuhi nzima kando ya mzee akifundishwa sauti ya tipitipi, na kwa nini akilia watu huanza kuzungumzia mvua, hatakuwa mwepesi kumwita mchawi jioni. Hilo naliamini kwa dhati, na sioni mkutano wa baraza unaoweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mida panafaa sana kuanzia. Maji yanapojaa, matope hufunikwa kidogo kidogo, na ndege waliotawanyika mbali husogezwa ufukweni kwa makundi. Mtazamaji hana haja ya kutembea. Akae kivulini, watamfuata. Wakati wa kaskazi huja wale weupe wenye migongo myeusi na midomo minene ya kuvunjia kaa, ambao huzalia kwenye mashimo ya mchanga huko pwani za Uarabuni na Somalia. Mzee niliyekaa naye hapo aliwatambua kabla sijainua darubini, kwa jinsi tu walivyosimama. Alikuwa mvuvi. Alinieleza wanakuja lini, wanaondoka na upepo gani, na miaka ipi walikuwa wachache. Ni nani ameyaandika hayo?

Msituni, masikio ndiyo yatangulie. Wengi wana mtoto wa jicho, lakini hondohondo akipita juu ya miti ya mrihi kila mtu humsikia. Njia ziwe fupi, pawe na viti, choo na chai, na muuguzi wa zahanati aje na kipimo chake cha presha. Daraja la Mida linayumba. Wenye magoti mabovu wabaki nchi kavu bila kuona haya.

Nairobi jambo hili si geni. Shirika la Nature Kenya huandaa matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, wakianzia Makumbusho ya Taifa. Sisi tuna msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420, na tuna waongoza wageni waliozaliwa hapa hapa ambao hukaa bila kazi msimu wa watalii ukiisha. Hao walipwe. Msitu uko chini ya KFS, shirika la misitu, na KWS, shirika la wanyamapori, kwa hiyo barua ya kuomba wazee wasamehewe kiingilio itoke ofisini kwako; ya kwetu haitafika mbali.

Kinachohitajika ni basi dogo siku moja kwa mwezi, darubini chache na posho ya waongozaji. Mwaka wa bajeti huanza Julai. Fungu hili likiingizwa chini ya huduma za jamii, safari ya kwanza inaweza kuwa Novemba, ndege wa kaskazi wakiwa wameshaanza kutua Mida. Majina ya wazee walio tayari tunaweza kuyaleta kwa msimamizi wa wadi mara tu tutakapoambiwa.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Gede