Ruzuku ya sola: tunabishania bei ya paneli wakati gharama imeshahamia kwingine

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Huu mjadala wa sola nimeufuatilia na kiukweli naona tunazunguka palepale. Upande mmoja unasema sola ndo umeme wa bei rahisi kuliko wote duniani kwa hiyo ruzuku ya nini, upande mwingine unasema bila ruzuku sola haisimami hata wiki, halafu kuna wale wanaoingiza mabadiliko ya tabianchi katikati kama rungu la kumnyamazisha kila anayeuliza swali la pesa. Mimi naona hivi: ruzuku ya kushusha bei ya paneli ilishafanya kazi yake, tena vizuri, na gharama iliyobaki ipo kwenye riba, nyaya na betri. Tungegombania huko tungekuwa tunagombana kwa faida.

Hoja inayorudi kila mara ni ile ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza, yaani kama sola ni nzuri kweli mbona inatembezwa na pesa za serikali? Hoja tamu hiyo, na watu wanaipenda kwa sababu ni fupi. Tatizo lake inasahau sola ilikotokea. Seli ya kwanza ya maana ya silikoni ilitoka Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1954, ikawa inageuza kama asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme, na miaka minne baadae mteja wake mkubwa akawa ni satelaiti, maana angani huwezi kupeleka lori la mafuta na bajeti ya satelaiti haiulizi bei ya uniti. Katikati ya miaka ya 1970 wati moja ya paneli ilikuwa inazidi dola 100 ukiihesabu kwa pesa ya miaka hii. Leo kwenye masoko mengi ya jumla wati hiyohiyo ipo chini ya senti 20. Bei ikishuka hivyo ujue kuna aliyelipa karo, na aliyelipa ni serikali kadhaa pamoja na watu wa kawaida kupitia bili zao.

Ujerumani ndo mfano ninaoupenda kwa sababu hesabu zake zipo wazi. Mwaka 2000 walipitisha sheria kwamba ukizalisha umeme wa jua, gridi lazima iununue kwa bei iliyopangwa kwa miaka 20, na bei ya mwanzo ilikuwa kama senti 50 za euro kwa uniti, yaani juu sana kuliko bei ya soko. Pesa hiyo haikutoka hewani, iliwekwa kwenye bili za wateja kama tozo, na ile tozo ya umeme jadidifu (wa jua, upepo na kadhalika) ikawa inapanda hadi mwaka 2017 ikafika senti 6.88 kwa kila uniti. Nyumba inayotumia uniti 3,500 kwa mwaka ilikuwa inalipa kama euro 240 za tozo peke yake, iwe ina paneli juu ya paa au haina. Mwaka 2022 wakaiondoa kwenye bili na mzigo ukahamia bajeti ya serikali. Sasa hapa wapinzani wa ruzuku wana haki ya kupiga kelele, maana mpangaji asiye na paa lake amemlipia mwenye nyumba yake paneli! Lakini wakimaliza kelele wakubali na hili, yale manunuzi ya Wajerumani ndo yaliyowapa viwanda, hasa vya China, soko la uhakika la kupanuka, na kila jumla ya paneli zilizowahi kutengenezwa duniani ikiongezeka mara mbili, bei ya paneli imekuwa ikishuka kwa kama asilimia 20. Leo China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya kutengeneza paneli, na dunia nzima inanunua kwa bei ambayo Mjerumani wa 2005 aliiota tu. Kwa hiyo ruzuku ile ilikuwa mbaya kwa bili ya Mjerumani na nzuri kwa watu wengine wote, na mtu mkweli anatakiwa aseme yote mawili kwa pumzi moja.

Hispania nayo ni somo, ila la kuumiza. Waliweka bei nono ya kununua umeme wa jua mwaka 2007 bila kuweka kikomo cha maana, wawekezaji wakamiminika mwaka 2008 kama wameitiwa pesa za bure, deni la sekta nzima ya umeme likavuka euro bilioni 20 (sio sola peke yake iliyolileta, tuseme haki), serikali ikaanza kukata malipo hata kwa mitambo iliyokwisha jengwa, na kesi za wawekezaji zikawafuata miaka na miaka. Ubaya wa pale ulikuwa kuahidi bila kikomo halafu kugeuka. Mwekezaji akishaona serikali inageuka, safari ijayo anaongeza riba ya woga.

Na hapo nifike kwenye riba, maana naona barua nyingi zinairuka kabisa na ndiyo kiini chenyewe. Umeme wa sola hauna mafuta, gharama karibu yote unaitoa siku ya kwanza, baada ya hapo ni kufuta vumbi, kubadilisha inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika kwenye gridi na nyumbani) pengine mara moja au mbili, na kusubiri miaka 25 hadi 30. Maana yake bei ya uniti inategemea sana umekopa pesa kwa riba gani. Chukua mtambo wa 1,000, pesa yoyote unayotaka wewe, umekopa yote na unarejesha kwa mafungu sawa kila mwaka kwa miaka 20. Riba ikiwa asilimia 3 unalipa kama 67 kwa mwaka. Riba ikiwa asilimia 12 unalipa kama 134. Paneli zilezile, jua lilelile, fundi yuleyule, ila uniti imepanda karibu mara mbili na hiyo nyongeza yote imeenda kwa mkopeshaji. Jenereta ya dizeli ni kinyume chake, kuinunua sio shida, kuilisha ndo balaa, kwa hiyo riba ikipanda mwenye jenereta haumii sana. Shirika la Kimataifa la Nishati limeshasema gharama ya mtaji wa miradi hii kwenye nchi zinazoendelea ni zaidi ya mara mbili ya nchi tajiri. Yaani wenye jua la kumwaga ndo wanaouziwa pesa ghali, halafu tunakaa tunabishana kama paneli ni ghali au rahisi! Ingekuwa mimi ndo nagawa pesa ya umma, nisingempa mtu paneli ya bure hata moja, ningeweka dhamana ya mkopo ili riba ishuke, maana pesa ileile ya umma ingezaa uniti nyingi zaidi.

Najua mtu atanirushia Solyndra hapa. Ndiyo, serikali ya Marekani iliidhamini kampuni hiyo mkopo wa dola milioni 535 na mwaka 2011 ikafilisika, na wanasiasa wameitumia kama kisu mpaka leo. Lakini angalia ilikufa kwa nini. Ilikuwa inatengeneza paneli za mirija zisizotumia silikoni, ikiweka dau kwamba silikoni itabaki ghali, halafu silikoni ikaporomoka bei. Kampuni imeuliwa na urahisi wa paneli za kawaida, na watu wanaitaja kama ushahidi kwamba sola ni ghali. Ushahidi wake ni kwamba serikali ikichagua kampuni moja inaweza kuchagua vibaya, na hilo nakubaliana nalo kabisa, ndo maana nasema dhamana iende kwa mnunuzi wa umeme na mradi uliosimama tayari, kiwanda kitafute wateja wake chenyewe.

Turudi kwenye nyaya na betri. Wanaosema sola ndo rahisi kuliko vyote wanahesabu bei ya uniti pale mlangoni kwa mtambo, na hapo wana haki, IRENA, wakala wa kimataifa wa nishati jadidifu, wanaonyesha gharama ya uniti kwa mitambo mikubwa mipya imeshuka kwa kama asilimia 90 kati ya 2010 na 2023. Lakini uniti ya saa sita mchana na uniti ya saa moja usiku sio bidhaa moja hata kama mita inazisoma sawa. Kule California waendesha gridi walishachora tangu 2013 jinsi mchana mahitaji ya mitambo mingine yanavyozama kwa sababu jua limejaa, halafu jioni jua linazama, watu wamerudi nyumbani wamewasha kila kitu, na ndani ya masaa machache lazima mitambo mingine ipande kwa kasi ya ajabu kufidia. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa gesi. Sasa hivi ni betri pia, mwaka 2024 betri za California zilivuka gigawati 10 na kuna jioni ambapo kwa muda zilikuwa ndo chanzo kikubwa kuliko vyote kwenye gridi yao. Bei ya betri za lithiamu nayo imeanguka kwa kama asilimia 90 tangu 2010. Kwa hiyo anayesema usiku sola haina maana anaongea habari za zamani, na anayesema bei ya mchana ndo bei ya sola anaficha nusu ya risiti.

Nyaya ndo hazizungumziwi kabisa. Tazama Pakistani: mwaka 2024 waliagiza paneli za kama gigawati 17 kutoka China, na wengi walinunua kwa pesa zao wenyewe kwa sababu umeme wa gridi ulikuwa umepanda bei kupita kiasi. Chema kimejiuza kweli. Lakini nguzo, transfoma na mikataba ya mitambo mikubwa bado inatakiwa kulipiwa, na wenye uwezo wakishapunguza kununua kwenye gridi, gharama ileile inagawanywa kwa uniti chache zaidi wanazonunua wasio na uwezo wa kuweka paneli. Na yule mwenye paneli bado anaitegemea gridi ikifika usiku au wiki ya mawingu. Hapa ndo napotofautiana na wapenzi wenzangu wa sola wanaotaka uniti yao ya ziada ya mchana inunuliwe kwa bei ileile kamili ya kuuziwa. Bei ile ina gharama ya nyaya ndani yake, ukilipwa yote maana yake jirani yako amekulipia nyaya. Malipo yapungue, mchana yawe kidogo, jioni yawe makubwa ili mtu ashawishike kuweka betri.

Sasa tabianchi. Kwa hesabu za 2014 za IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, zinazoanzia kuchimba malighafi hadi kubomoa mtambo, uniti moja ya makaa ya mawe inatoa kama gramu 820 za kaboni, gesi kama 490, na sola kati ya 40 na 50. Humo kuna na ule moshi wa kiwanda kinachotengeneza paneli, kwa hiyo hoja ya "paneli zenyewe zinatengenezwa kwa makaa" imeshahesabiwa tayari, tusidanganyane. Hewani kaboni imetoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda na sasa imepita 420, na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kuvuka digrii 1.5 juu ya joto la zama zile. Madhara ya hayo makaa hayapo kwenye bili ya anayeyachoma, yanalipwa na mtu mwingine mahali pengine, pengine ambaye hajazaliwa. Kuachia hiyo ni ruzuku pia hata kama hakuna waziri aliyeisaini.

Na kuna za kusainiwa kabisa. IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, wanakadiria mwaka 2022 ruzuku za moja kwa moja za mafuta, gesi na makaa zilikuwa kama dola trilioni 1.3. Ile trilioni 7 mnayoiona kwenye vichwa vya habari imejumlisha na madhara yasiyolipiwa, na ningependa wanaharakati waache kuitaja kama vile ni noti zilizotoka hazina, wanaharibu hoja nzuri kwa kuinenepesha. Hata hiyo 1.3 inatosha. Anayelia kwamba sola inakula kodi huku amekaa kimya kuhusu petroli iliyopunguziwa bei na hazina, huyo mkuki kwa nguruwe kwa binadamu mchungu. Ingawa naelewa kwa nini serikali zinaogopa kuigusa, bei ya mafuta ikipanda usiku mmoja nauli inapanda asubuhi na watu wanaingia barabarani. Iondolewe taratibu, na kinachookolewa kiende kwa kaya maskini kwanza, nyaya baadae.

Ombi langu kwenu gazeti ni dogo. Mkichapa habari ya mradi wa sola na bei ya uniti yake, muulizeni msemaji mambo matatu kabla hamjaweka kichwa cha habari: wamekopa kwa riba gani, huo umeme unatoka saa ngapi, na laini ya kuufikisha kwa mteja nani kailipia. Mkiandika habari ya makaa au dizeli ulizeni hayohayo, halafu muongeze la nne, mafuta yake yakipanda bei nani anafidia.

Ni mimi msomaji wenu.