Geji ya joto la ekzosi ikirukaruka, anza na waya

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu geji ya joto la ekzosi, ile inayofungwa kwenye malori ya dizeli ili dereva ajue moshi unaotoka kwenye injini una nyuzi ngapi. Siku hizi mshale ukianza kuruka, mwenye gari huambiwa anunue geji mpya, au sensa mpya, au aiache tu kwani gari inatembea. Mara nyingi geji ni nzima na sensa ni nzima. Kibovu ni waya uliopo katikati, na aliyeuharibu ni fundi aliyeuunga.

Sensa hiyo ni themokapo, kwa kawaida ya aina ya K. Ndani ya kijiti chake cha chuma mna nyaya mbili za aloi (metali zilizochanganywa) tofauti za nikeli, zimeunganishwa nchani. Haili umeme wa betri, inazalisha wake. Lakini ni mdogo mno: kama milivolti 0.04 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwenye gari la volti 24, hapo unahangaika na sehemu za elfu za volti moja. Muungano uliolegea kidogo, ambao taa isingeujali kabisa, hapa unatosha kuyumbisha mshale nyuzi 100.

Sasa tuje kwenye kosa kubwa. Waya wa themokapo ukikatika au ukiwa mfupi, fundi anachukua waya wa shaba, ule wa spika au wa taa, anaunga, anazungushia tepu. Geji inawaka na mshale unapanda, kila mtu anaridhika. Kumbe themokapo hupima tofauti ya joto kati ya ncha yake na pale aloi zake zinapoishia. Geji imetengenezwa ikiamini aloi zinaishia mgongoni mwake, kwenye kabini, na inajumlisha joto la hapo kwenye kipimo. Ukiunga shaba jirani na injini, aloi zinaishia huko. Pale kwenye kiungo pakiwa na nyuzi 120 na kabini ina 30, geji itasoma pungufu kwa nyuzi 90 hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi kosa halipo. Gari likianza kupanda mlima wa Kitonga na mzigo, mwendo mdogo, upepo hauingii kwenye injini, kiungo kinachemka, na kosa linakua. Moshi una nyuzi 720, geji inasema 630, dereva anaendelea kukanyaga mafuta. Geji inadanganya zaidi pale inapohitajika zaidi. Heri hiyo inayoruka, maana angalau inatia shaka.

Dawa ni waya wa kurefushia wa aina hiyo hiyo ya K, kuanzia kwenye sensa mpaka kwenye geji, na soketi zake ziwe za K. Rangi nazo zinatega. Kwa mfumo wa Marekani njano ni chanya na nyekundu ni hasi, na fundi umeme aliyezoea nyekundu kuwa chanya ataingia mkenge hapo. Kwa mfumo wa kimataifa wa IEC, kijani ni chanya na nyeupe ni hasi. Rangi zikiwa zimeungua, chukua sumaku: waya wa hasi unavutwa nayo, wa chanya hauvutwi. Ukigeuza nyaya kwenye geji peke yake utajua mara moja, mshale utashuka injini ikipata moto. Hatari ni kugeuza kwenye kiungo, kisha kuona mshale unarudi nyuma na kugeuza tena kwenye geji. Mshale utapanda vizuri, lakini kosa linakuwa maradufu: kwa mfano ule ule wa 120 na 30, moshi wa 720 utasomeka 540.

Kabla ya kushika spana, tazama mshale unaruka vipi. Joto la kweli halipigi teke. Kijiti kina unene wake, kinachukua sekunde kadhaa kupata moto na kupoa. Mshale ukitoka 300 kwenda 800 kufumba na kufumbua, huo ni umeme. Ukiruka kwenye matuta na barabara ya vumbi, tafuta nati iliyolegea au waya uliokatikia ndani ya ganda lake, hasa pale unapotokea kwenye kijiti. Ukihama kila ukiwasha taa kubwa au indiketa, tatizo ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Ukiganda kwenye nyuzi 80 hivi hata gari likivuta mlima, angalia kama nyaya mbili zimechubuka na kugusana. Zikigusana, pale zinapogusania ndipo panakuwa ncha mpya, na geji inakupimia joto la hapo.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chomoa nyaya za sensa mgongoni mwa geji, kisha unganisha matundu hayo mawili kwa kipande kifupi cha waya. Washa injini. Mshale unatakiwa utulie chini kabisa, kwenye joto la kabini. Ukiendelea kuruka, sensa haina kesi. Kagua umeme wa geji. Weka testa (mita ya kupimia umeme) kati ya ethi ya geji na hasi ya betri huku taa zote zikiwaka: ikizidi volti 0.2, peleka waya wa ethi moja kwa moja kwenye betri. Tazama pia kama geji ya volti 12 imechukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Huo ni mtindo mbaya, unaua na betri.

Mshale ukitulia, geuka kwenye sensa. Weka testa kwenye milivolti za DC na upime zile nyaya ulizochomoa. Injini ikiwa baridi utapata karibu na sifuri. Kabini ikiwa na nyuzi 30, milivolti 10 ni kama nyuzi 275, milivolti 20 ni kama 515, na milivolti 28 ni kama 700. Ukitaka uhakika zaidi, fungua sensa uitumbukize ncha kwenye maji yanayochemka, pima kwenye nyaya zake: itoe milivolti 2.9 hadi 3. Kwa Dar es Salaam maji huchemka kwenye 100. Mbeya huchemka kwenye 94 hivi, lakini hewa nayo ni ya baridi, kwa hiyo jibu halitofautiani sana.

Halafu pima ohmu kati ya waya mmoja na kijiti. Ohmu chache maana yake ncha imegusa kijiti, yaani sensa ina ethi yake kwenye injini. Geji nayo ikiwa imeshika ethi upande wa hasi, umetengeneza mzunguko: tofauti ya milivolti 1 tu kati ya ethi hizo mbili inahamisha mshale kama nyuzi 25. Hapo nunua sensa ambayo ncha yake haigusi kijiti.

Haya yote hayahusu sensa za joto kwenye ekzosi za malori mapya yenye chujio la masizi. Nyingi za hizo ni za platini, za ohmu 200 kwenye nyuzi sifuri, na hupimwa kwa ohmu.

Vipimo vyote vikiwa safi na geji bado inapanda taratibu kupita 700 kabla ya turbo, iamini. Tafuta chujio la hewa lililoziba, mpira wa intakula (kipoza hewa ya turbo) uliopasuka, nozeli zinazomwaga, au dereva anayeng'ang'ania gia kubwa mlimani.

Ombi letu kwa wauza spea: mnaleta geji, mnaleta sensa, waya wa K hamleti. Uzeni kwa mita kama mnavyouza waya wa taa.

Mafundi umeme wa malori,
Makambako