Salamu za Noeli kutoka Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo.

Wanajumuiya wenzangu, wanangu mlioko mbali, na majirani zetu Waislamu ambao kila Idd sahani yenu hunifikia kabla sijainjika chai: heri ya Noeli.

Kaskazi imeanza kuvuma na maembe yamejaa kila ua. Juzi jioni nilikwenda misheni, nikashuka hadi kwenye msalaba ulio karibu na bahari, nikakaa mpaka giza likaingia.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliotolewa utumwani. Wengi walikuwa watoto, na kabla soko la watumwa la Unguja halijafungwa mwaka 1873, wapo waliokombolewa kwa fedha taslimu. Jambo hilo limenikaa moyoni Majilio yote. Mtoto ametembezwa kutoka bara, amevushwa bahari, amesimamishwa juani, watu wanamkagua meno, kisha anatajiwa bei. Anayetaka kumpeleka kwenye mikarafuu analipa. Padri anayetaka kumwacha huru naye analipa, kwa muuzaji yule yule.

Lakini nani alikuwa na haki ya kutaja bei? Askofu Gregori wa Nisa aliuliza hivyo katika karne ya 4, akihubiri mbele ya watu waliokuwa na watumwa majumbani mwao. Hoja yake ilikuwa wazi: mtu ni mfano wa Mungu, naye amepewa kuitawala dunia, basi hata ukiiweka dunia yote kwenye mizani, bei yake haijatimia. Hiyo ni imani, na ni hesabu pia. Ukikubali pale inapoanzia, huna pa kutorokea inapoishia. Inaniuma kwamba Wakristo waliisikia hoja hiyo, na bado wakaendelea kununua watu kwa karne nyingi. Akili haikuwa imepungua. Tamaa ilikuwepo, na tamaa haikosi wakili.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema sikukuu hii ni ya moyo tu, akili ikapumzike. Sikilizeni Injili ya Misa ya mchana: “Hapo mwanzo kulikuwako Neno.” Neno la Kiyunani alilotumia Yohana, Logos, lina maana pana kuliko tamko la mdomo, ndani yake mna hoja na mantiki. Huyo ndiye aliyefanyika mwili akakaa kwetu. Akalazwa horini, mtoto wa watu ambao nyumba ya wageni haikuwa na nafasi kwa ajili yao. Tangu usiku ule, kila mwenye mwili ana undugu na Mungu, hata asiye na shilingi.

Soko la Unguja limekwisha, bei zimebaki. Binti anajipima kwa idadi ya wanaomfuata mtandaoni, na siku wakipungua anaona na yeye amepungua. Mzee akistaafu, simu yake inanyamaza. Kijana mwenye mchango mdogo anakaa nyuma kwenye kikao cha harusi ya dada yake mwenyewe, na akinyoosha mkono haonekani.

Na mimi nina la kuungama. Nyumbani kwangu yupo binti anayetusaidia kazi, huu ni mwaka wa pili. Namlipa kila mwezi, tena kwa wakati, nikadhani nimemaliza haki yake. Wiki iliyopita mjukuu wangu akaniuliza, “Bibi, kwa nini dada anakula jikoni peke yake?” Nilitafuta sababu, na kila niliyoipata ilivunjika kabla sijaitamka. Usiku ule sikupata usingizi. Hapo ndipo nilipoyakumbuka yale meno yaliyokaguliwa sokoni.

Asubuhi nilimwomba radhi. Alishtuka, akalia, nami nikalia.

Basi siku ya Noeli, baada ya Misa, karibuni nyumbani nyote. Kuku watachinjwa na jirani yetu Mwislamu, kama kila mwaka, ili pasiwe na wa kukaa bila kula. Kutakuwa na wali wa nazi, mchuzi na maembe ya uani. Tutatandika mikeka chini ya mwembe, na dada atakaa kulia kwangu. Naombeni siku hiyo asiwepo wa kumtuma maji.