Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka huu, ambayo kwa sehemu kubwa inahusu mabadiliko ya muundo wa ajira na namna yanavyomsukuma mfanyakazi wa mshahara kwenye kazi isiyo rasmi, wakati mwingine bila yeye kuhama hata dawati.

Tumezoea kudhani kwamba ajira isiyo rasmi ni ya wachuuzi na vibarua. Tangu mwaka 2003, hata hivyo, miongozo ya kimataifa ya takwimu za kazi humhesabu humo pia mwajiriwa wa kampuni iliyosajiliwa ambaye hana hifadhi ya jamii wala haki za msingi za kazi. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya walio kazini duniani, wamo katika ajira isiyo rasmi.

Mashauri yaliyotufikia yanaonyesha jinsi mtu anavyofika huko. Mwenye ajira ya kudumu hupewa mikataba ya miezi mitatu mitatu, inayokatizwa kwa siku moja ili utumishi wake usihesabike kuwa wa mfululizo. Walinzi na wasafishaji huhamishiwa kwa wakala wa ajira. Msimamizi ni yule yule na zamu ni zile zile, ila mchango wa pensheni hauonekani tena kwenye hati ya mshahara.

Wapo pia ambao mikataba yao haijaguswa, lakini saa za ziada zimefutwa na marupurupu yamepunguzwa, nao baada ya kazi hubeba abiria kupitia programu za simu au hufundisha jioni. Waajiri huita hilo utovu wa nidhamu, na wapo wenzetu wanaoliita tamaa. Mimi sioni tamaa kwa mtu anayefidia kipato alichopunguziwa, tena kwa kazi ambayo akiumia hana wa kumlipa.

Katika majadiliano na waajiri tuliegemea Pendekezo Na. 204 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2015, kuhusu kutoka kwenye uchumi usio rasmi kwenda ulio rasmi, linalotaka pia ajira rasmi isigeuzwe kuwa isiyo rasmi. Baadhi wamekubali kutomlipa wakala kabla hajaonyesha stakabadhi za michango. Kuhusu mikataba mifupi hatukuelewana.

Katiba ya chama chetu nayo bado inamtambua mwenye ajira ya kudumu pekee, kwa hiyo tunampoteza mwanachama siku ile ile anapotuhitaji. Kamati inapendekeza kifungu hicho kirekebishwe, na ada ya wenye mikataba mifupi ilipwe kwa miezi waliyofanya kazi tu.