Wiki ya kufunga shule, mabasi ya Mandera yasiachwe peke yake

Mhariri,

Mwisho wa mwaka ukikaribia, sisi tunaosafiri kwa basi kati ya Wajir, Elwak na Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya, huingiwa na hofu, na hofu hiyo ina tarehe zake. Tarehe 22 Novemba 2014, Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine lilimiminiwa risasi karibu na Elwak, na tarehe 6 Desemba 2019 likashambuliwa la tatu eneo la Kotulo, ambako miongoni mwa waliouawa walikuwamo askari polisi.

Majira ni yale yale. Muuaji hahitaji jasusi, kwa kuwa kalenda ya mihula hutangazwa mapema, na masanduku ya walimu nje ya afisi za tiketi huonwa na kila apitaye sokoni.

Mashambulizi haya yakitajwa, viongozi hukimbilia kisa cha 2015, cha abiria Waislamu waliokataa kutenganishwa na wenzao. Nami nakienzi kisa hicho: wanawake walitoa mitandio wakawafunika Wakristo waliokuwa nao garini, na mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki Januari 2016. Lakini serikali haiwezi kuendelea kumtegemea mama mwenye mtandio wa ziada.

Mwaka jana, wiki ya kufunga shule, tulingoja kwenye kizuizi cha barabarani tangu alfajiri hadi adhuhuri. Gari la askari lililokuja kutusindikiza lilikuwa moja, mabasi manne. Likatangulia na basi la kwanza. Sisi wa nyuma tulifuata vumbi lake, kisha hata vumbi hatukuliona tena. Mwalimu niliyeketi naye alitoa kitambulisho chake mfukoni, akakiingiza ndani ya soksi bila kusema neno.

Ninaomba kwamba katika wiki za kufunga na kufungua shule msafara uwe na gari la askari mbele na jingine nyuma, uondoke kwa saa isiyotabirika, na walimu wanaotoka mbali waruhusiwe kuondoka kwa makundi, siku tofauti. Shule zinafungwa mwezi ujao, na tiketi zimeshaanza kuuzwa.

Msafiri,
Wajir