Msomee binti yako barua hii

South C, Nairobi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, dada. Sisi wazima, watoto wamefunga shule. Nimefurahi mno kusikia binti yako amepata kitambulisho. Ila ile kauli yake kwamba Lang'ata ni ya watu wa Karen, mtaa wa matajiri, na Kibra kwenu haijawahi kuwa na lao moja nao, imeniuma, maana hadi 2013 tulikuwa eneo bunge moja, Lang'ata. Msomee haya.

Mwaka 1974 Mwangi Mathai alipoomba kura za ubunge wa Lang'ata aliahidi watu kazi. Mkewe, Wangari Maathai, hakukubali ahadi ile iachwe hewani. Akaanzisha kampuni ndogo, Envirocare, ili watu wa huku wapate kazi ya bustani na kupanda miti. Kampuni haikudumu, lakini wazo la miti likadumu: mwaka 1977 likazaa Green Belt Movement, na 2004 Wangari akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nikisikia watu wakisema ahadi za kampeni ni upepo, naikumbuka hii moja, ya kwetu, iliyoota mizizi.

1979 kiti kikaenda kwa Philip Leakey, Mzungu mzaliwa wa Kenya, akakaa nacho hadi 1992. Katikati ukaja mlolongo wa 1988, watu kupangwa nyuma ya picha ya mgombea mchana kweupe, mwajiri na mwenye nyumba wakikutazama. Unakumbuka mamako alivyorudi siku ile, hata chai hakutaka?

1992 akaingia Raila Odinga kwa tiketi ya Ford-Kenya. Alipohamia chama cha NDP ilibidi arudi kwa wapiga kura katika uchaguzi mdogo wa 1997, wakamrudisha. Baadaye Narc, kisha ODM. Chama kilibadilika, Lang'ata ikabaki naye hadi 2013. Ile Desemba ya 2007 ndiyo nisiyoisahau. Raila aliwania urais, na Katiba ya wakati ule ilimtaka rais awe amechaguliwa mbunge pia, kwa hiyo kumnyima Lang'ata kungekuwa kumnyima Ikulu. Tulifika kituoni giza halijaondoka. Kila foleni iliposogea, kigoda cha mamako kilipitishwa mkono kwa mkono mpaka mbele, yeye akifuata polepole na kikapu chake cha mahamri, akiwagawia hata asiowajua.

Ikaja Katiba ya 2010, maeneo bunge yakatoka 210 hadi 290, na 2013 tukapiga kura tumeshakatwa vipande viwili. Kibra ilistahili mbunge wake na fungu lake la fedha, sibishi. Mbunge wenu wa kwanza, marehemu Ken Okoth, alivyohangaikia shule mlimwona wenyewe. Nyinyi mmebaki ODM tangu siku ya kwanza. Sisi huku tumekuwa na Joash Olum wa ODM, 2017 Nixon Korir wa Jubilee, 2022 Jalang'o akakirudisha kiti ODM. Uchaguzi mpya, mbunge mpya. Hilo silichukii, mbunge akiwa na hofu kidogo anafanya kazi. Kinachoniuma ni kwamba anayekuja kuomba kura South C hana tena haja ya kujibu habari za maji ya Laini Saba. Zamani angejibu, maana kura zetu na zenu zilihesabiwa pamoja.

Mpeleke mtoto ajiandikishe mapema, Agosti 2027 si mbali. Na kile kigoda, bado mnacho? Siku hiyo mamako asikiache nyumbani.

Wako,
Halima