Na Kirilo je?

Arusha, Jumapili jioni

Neema rafiki yangu,

Mfikishie mama shikamoo yangu. Sisi hatujambo, mvua inanyesha na migomba imenawiri.

Juzi nilikuwa namsikiliza binti yangu somo la historia. Nani alipeleka madai ya Watanganyika Umoja wa Mataifa? Akajibu bila kusita: Mwalimu Nyerere, 1955. Ni kweli kabisa. Lakini mama yangu, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, aliweka kisu chini. "Na Kirilo je?"

Neema, mama alikuwa mtoto mdogo Ngare Nanyuki mwaka 1951, Waingereza walipowahamisha Wameru kwa nguvu ili walowezi wapate ranchi. Anasema ghala lilipoungua, mahindi yalinukia kama bisi, na watoto wakasikia njaa huku wanalia. Serikali ile nayo ilikuwa na maelezo yake: eti ni maendeleo ya ufugaji, faida ya nchi nzima. Wameru wakachangishana, na 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. TANU, chama cha Nyerere, ilizaliwa baadaye, 7 Julai 1954! Sasa mbona mtoto wa Arusha hamjui?

Nadhani ni kwa sababu anayetawala hutaka historia ianzie mlangoni kwake. Angalia tarehe. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. CCM ikazaliwa 5 Februari 1977, miaka kumi kamili. Hiyo siku ilichaguliwa, ili chama kipya kionekane mrithi halali. Kisha 1991, kule Zanzibar, masharti ya uongozi ya Azimio yakalegezwa: kiongozi akaruhusiwa hisa, nyumba ya kupangisha, mishahara miwili. Mnara wa Azimio hapa mjini haukuguswa, na Mwenge wa Uhuru ukaendelea kukimbizwa. Masharti yaliwabana viongozi. Mnara na Mwenge vinawapa heshima.

Usinielewe vibaya. Mwenge ukipita bado nasisimka, na Azimio nalipenda kwa dhati. Ndiyo maana inaniuma likibaki jina tu.

Tangu siku ile mama ananitajia waliochangia safari ya Kirilo: aliyetoa mbuzi, aliyeuza kahawa, mjane aliyetoa kuku wake wa pekee. Nimefika jina la kumi na saba. Ukija Desemba niletee daftari kubwa lenye jalada gumu, hili langu linaisha.

Wako,
Anna